Pipi za Mbwa

Tulimzika Mama Yustina kijijini kwao Mdandu, siku ya upepo uliokuwa ukitikisa maturubai na kupeperusha majivu ya wapishi. Nilijiunga na akina mama waliokuwa wakimenya viazi nyuma ya nyumba, kwa kuwa msibani mwenye kazi mkononi haulizwi maswali mengi. Hata hivyo mmoja wao, mwanamke wa makamo aliyetoka Igwachanya, akaniuliza, "Samahani dada, wewe ni nani wa marehemu?" Nikabaki nimeshika kisu. Sikuwa mtoto wake wala mkwe wake. Hatukuwa hata wa kanisa moja, yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri. Nikamjibu kwamba niliwahi kukaa kwake Makambako mwaka mmoja, nilipokuwa msichana. "Aa, kule kwenye mbwa!" akasema, na wenzake wakacheka kile kicheko cha msibani kinachofichwa kwenye kona ya kitenge. "Jamani, huyu mama na mbwa wake. Mgeni unaambiwa subiri kwanza, mbwa wanakula." Wakaanza kusimuliana vituko vyake, kimoja baada ya kingine, na vyote vilikuwa vya kweli. Niliwasikiliza nikiendelea kumenya. Nilijua kisa kimoja ambacho wao hawakukijua, na kisa hicho ndicho kilichonifanya niwe mtu niliye leo.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha kando. Inatosha kusema kwamba nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunibeba, na mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, nikafika Makambako na begi moja kumtafuta mwanamke aliyekuwa akihitaji msichana wa kulea watoto wa mbwa. Watu wengi hawakuamini kwamba kazi kama hiyo ipo. Lakini Makambako ni njia panda. Malori hulala pale, mbao hulala pale, mahindi hulala pale, na penye mali iliyolala pana mtu anayetafuta mbwa. Mama Yustina alikuwa na majike mawili yenye damu ya mbwa wa Kijerumani, Malkia na Shaba, na watoto wao waliagizwa kabla hawajafumbua macho. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokushukuru. Alinipa chumba cha uani chenye kitanda upande mmoja na boksi kubwa la mbao upande wa pili, lililotandikwa majani makavu, na ndani yake Malkia akiwa amejilaza na matumbo ya watoto wake yakipanda na kushuka. "Utalala nao," akaniambia. "Ukisikia mmoja analia tofauti na wenzake, amka." Mpaka leo nikiingia kwenye chumba chenye harufu ya maziwa na majani makavu, moyo wangu hutulia kabla sijajua kwa nini.

Jioni tulikula pamoja jikoni, mimi na yeye, ugali na maharage, au viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa wakati baridi ilipobana. Jiko la mkaa lilikaa katikati yetu na Shaba alikaa mlangoni kama askari. Mama Yustina alizungumza, mimi nilisikiliza. Alinisimulia habari za wateja: yule aliyemrudisha mbwa kwa kuwa hakumbwekea mwizi ila alimbwekea mchungaji, yule aliyempa mbwa jina la shemeji yake kwa kisirani. Kuna mmoja aliyemtaja mara nyingi kuliko wote, rafiki yake wa tangu shule ya msingi, aliyeolewa na mwalimu wa kijiji cha Yakobi, pembeni ya mji wa Njombe. Rafiki huyo alikuwa mgonjwa mwaka ule nilipofika. Mwezi wa pili akafariki. Mama Yustina alikwenda mazishini, akarudi na macho yaliyovimba, akakaa kwenye kigoda chake bila kula. "Mwalimu Zakaria atakaaje peke yake?" akasema. "Yule mwanaume hajui hata chumvi inakaa wapi."

Watoto wa Malkia walipofikisha miezi miwili, alichagua dume mmoja, mweusi mwenye vidole vyeupe, mzuri kuliko wote, ambaye tajiri mmoja wa mbao alikuwa ameshamkodolea macho. "Huyu hauzwi," akasema. "Huyu ni rambirambi." Akamfunga kwenye kikapu chenye blanketi, na juu ya blanketi akaweka pakiti ya zile pipi.

Tuliziita pipi za mbwa. Madereva wa malori walizileta kutoka upande wa Tunduma, zikiwa kwenye mifuko inayong'aa yenye picha ya mbwa anayecheka. Zilikuwa ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa, nyeupe kama chaki, iliyosokotwa ikapigwa fundo kila upande ili ifanane na mfupa. Ukigonga nayo meza inalia ko! Mtoto wa mbwa anapoanza kuota meno hutafuna kila kitu, kandambili, mguu wa kiti, pindo la sketi yako ukiwa umeivaa, na kwa hiyo pipi hizo zilionekana kama msaada kutoka mbinguni. Unampa moja, anajilaza nayo, nyumba inatulia. Mama Yustina alimpa kila mteja pakiti kama zawadi, na wateja walizipenda kwa sababu zilikuwa za kigeni. Hakuna aliyeuliza kitu. Ngozi ni ngozi, mbwa ni mbwa.

Simu ililia asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa imegandisha maji kwenye sahani za mbwa. Nilikuwa nakoroga uji wao wa pumba na dagaa, na Mama Yustina akaweka simu kwenye sauti kubwa kwa kuwa mikono yake ilikuwa na unga. "Mama Yustina, kamwene," sauti ya mwanaume ikasalimia kikwetu. "Mwenzangu amekufa." Mama Yustina akatazama simu, akanitazama mimi, uso wake ukaingiwa na hofu ya mtu anayedhani anaongea na aliyerukwa na akili. "Mwalimu," akasema polepole, "mwenzako si tulimzika mwezi wa pili?" Ile sauti ikasema, "Hapana. Yule mdogo. Yule uliyenipa. Nilimwita Mwenzangu." Mama Yustina akajifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena ilhali ilishakuwa safi. Akauliza amekufaje. Mwalimu akasema amerudi kutoka shambani kuchimba viazi akamkuta mlangoni, amelala, ulimi umebadilika rangi. "Kuna kitu kimemkaba," akasema. "Nimekiona kwa ndani lakini nilikuwa nimechelewa."

Nilitumwa mimi kwenda kumpa pole, kwa sababu Mama Yustina alisema mgongo unamuuma. Mgongo haukuwa unamuuma. Nyumba ya Mwalimu Zakaria ilikuwa ya matofali ya kuchoma, safi, na sebule yake ilikuwa imekaa vilevile alivyoiacha mkewe: vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, vikombe viwili mezani, kanga kwenye msumari nyuma ya mlango. Kona ya kitambaa kimoja ilikuwa imetafunwa na hakuna aliyeishona. Mwalimu alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti juu ya sweta, na alinitengenezea chai yeye mwenyewe, bila sukari kwa kuwa aliisahau. Nilikunywa yote. "Alikuwa ananililia nikitoka," akaniambia. "Kwa hiyo nikitaka kwenda shamba nampa ile pipi, anatulia, natoka. Nilidhani namfurahisha." Akaniletea kile kitu ndani ya karatasi, kwa kuwa alikitoa mwenyewe kabla ya kumzika chini ya mti wa matunda damu. Kilikuwa fundo la upande mmoja wa pipi, lililolowana, limevimba, limekuwa laini na lenye utelezi kama utumbo wa ng'ombe. Nikalishika. Halikufanana kabisa na kile kitu kigumu tulichokuwa tukigonga mezani. Nilimwambia kwamba nitamletea mtoto mwingine, jike amebaki nyumbani, dada wa marehemu. Akatikisa kichwa. "Binti, usiniletee. Nimezika wawili mwaka huu. Wa tatu siwezi."

Nilirudi Makambako na lile fundo kwenye karatasi, na ndani yangu kulikuwa na kitu ambacho mpaka siku ile sikujua kwamba ninacho. Shuleni nilikuwa msichana wa kukubali. Mwalimu akisema jibu ni hili, ni hili. Wenzangu wakisema twende, twende. Lakini nilichukua pipi mpya kwenye pakiti, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nikaiacha mpaka kesho yake. Asubuhi ilikuwa imevimba na kuteleza. Nikaivuta ikavutika, nikaikata kwa meno yangu mwenyewe ili nijue, na fundo likabanduka zima, saizi ya kooni kabisa. Nikampelekea Mama Yustina jikoni. "Mama, tazama. Wakitafuna inalainika, ikibaki ndogo wanaimeza nzima. Haipiti." Hakutazama. Alikuwa anachambua maharage na aliendelea kuchambua. "Wazungu wanawapenda mbwa kuliko wanavyopenda watu," akasema. "Wangetengeneza kitu cha kuua mbwa?" Nikamwambia sijui Wazungu wanapenda nini, ila najua koo la mtoto wa mbwa lina upana gani, nimewanywesha dawa mimi. Akainua uso. "Unataka kusema nimemuua? Nimempelekea mume wa rafiki yangu sumu?" Nikasema sijasema hivyo. "Basi acha," akasema. Lakini sikuacha.

Leo nina binti wa umri ule niliokuwa nao, na ananiambia kwamba mimi ni king'ang'anizi. Anasema kama lawama. Nataka ajue kwamba ung'ang'anizi sikuzaliwa nao, niliuokota jikoni kwa Mama Yustina, nikiwa na ndoo ya maji mkononi. Na nataka ajue pia kwamba sikumchukia yule mama hata siku moja. Nilielewa, ingawa sikuwa na maneno ya kueleza, kwamba alikuwa analinda kitu. Kama pipi haina hatia, basi zawadi yake ilikuwa zawadi. Kama ina hatia, je, angemwangaliaje Mwalimu usoni?

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Njombe mjini kumtafuta daktari wa mifugo. Nilikaa kwenye benchi na wafugaji wenye habari za ng'ombe wasiotoa maziwa na nguruwe wanaokohoa, na zamu yangu ilipofika, daktari, mwanamke kijana mwenye buti za mpira na sauti ya upole, akanitazama mikono. "Mbwa yuko wapi?" Nikamwambia, "Sijaja na mbwa, daktari. Nimekuja na swali." Akacheka, akafunga mlango, na swali langu akalipa muda kuliko nilivyotegemea. Nilimwonyesha fundo. Akaligeuza. "Nimeshaona haya," akasema. "Na mifupa ya kuku iliyopikwa, hiyo ndiyo mibaya zaidi, inapasuka kama vigae. Na kwato, zinavunja meno." Akanifundisha kipimo cha ukucha: bonyeza kitu kwa ukucha, kisipobonyea hata kidogo ni kigumu mno kwa meno ya mtoto. Na cha pili: kama kinaweza kuingia chote mdomoni, ni kidogo mno, mnyang'anye. "Na cha tatu," akasema, "ndicho watu hawapendi kukisikia. Uwepo. Hakuna cha kutafuna ambacho unampa mtoto halafu unaondoka."

Nikamuuliza afanyeje mtu aliyechelewa kunyang'anya. Akachukua gunia lililojaa mashudu, akalilaza mezani kama mbwa. "Kwanza fungua mdomo utazame. Ukikiona na unaweza kukishika, kivute. Usiingize kidole kipofu, utakisukuma ndani. Usipokiona, mshike miguu ya nyuma, mwinue kama unavyoinua toroli, kichwa chini. Mpige kwa kiganja hapa, katikati ya mabega. Kikikataa, mkumbatie kwa nyuma, ngumi hapa chini ya mbavu, sukuma ndani na juu, kwa haraka." Akanifanya nirudie mpaka mashudu yakaanza kumwagika. "Hata akipona," akasema, "mlete nimwangalie." Nilipotoka, mzee mmoja kwenye benchi akamwuliza jirani yake, "Yule binti anaumwa nini?" na jirani akajibu, "Amekuja kupiga gunia."

Miezi ile iliyofuata nilifanya nilichoweza bila kumvunjia heshima mwenye nyumba. Pakiti zilipotolewa kwa wateja, niliwasindikiza mpaka barabarani na kuwaambia: msimpe akiwa peke yake, ikibaki ndogo chukueni. Wengine walinisikiliza. Mwenye ghala mmoja aliniambia, "Sasa nikae namtazama mbwa akila? Mimi ndiye mlinzi wake au yeye ndiye wangu?" Nyumbani nilitafuta kitu kingine. Baridi ya kwetu, ambayo kila mtu huilalamikia, ikanisaidia. Nilichukua kitambaa kizito cha taulo kuukuu, nikakifunga fundo moja kubwa kuliko mdomo, nikakichovya kwenye supu isiyo na chumvi wala kitunguu, nikakianika nje jioni. Alfajiri kilikuwa kimekakamaa kwa barafu. Yule jike aliyebaki, ambaye hakuna aliyemtaka kwa sababu watu hutaka madume, alikidaka akakitafuna huku nimeshika ncha, na fizi zake zikapoa mpaka akafumba macho. Kikianza kuchanika natupa, natengeneza kingine. Mama Yustina alipita akaona, akasema, "Mbwa amelelewa kama mtoto wa mkuu wa wilaya," akaenda zake. Lakini siku mbili tatu baadaye nilikuta taulo jingine kuukuu limewekwa juu ya boksi la chumbani kwangu.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane. Mama Yustina alikuwa ametoka misa na wageni wawili, akina mama wa jumuiya yake, wamekaa barazani juani na chai na maandazi. Yule jike alikuwa akiwazunguka, amekua, miguu mirefu, masikio bado hayajaamua kusimama. Mimi nilikuwa uani nafua. Nilimsikia mgeni mmoja akisema, "Ana njaa huyu," na Mama Yustina akajibu, "Hana njaa, ana meno," kisha nikasikia kicheko, kisha kimya cha aina ambayo mtu aliyelala chumba kimoja na watoto wa mbwa huijua. Niliacha nguo. Nilipofika barazani, jike alikuwa amesimama ametanua miguu ya mbele, shingo imenyooka, mdomo wazi, na hakuna sauti inayotoka. Alikuwa anajipapasa usoni kwa mguu. Mgeni alisema, "Anatapika," na nikasema, "Hatapiki, amekabwa." Mama Yustina alikuwa bado ameshika kipande cha pili cha pipi, vidole vyake havikukiachia.

Nilipiga magoti, nikafungua mdomo wake kwa mikono miwili. Hakuniuma, alinitazama tu. Sikuona kitu, kilikuwa chini. Nikamshika miguu ya nyuma nikamwinua, kichwa chini, nikapiga kiganja kati ya mabega. Hakuna. Nikapiga tena. Ulimi ulianza kubadilika. Nilisikia mgeni mmoja akianza "Salamu Maria" kwa haraka kama anayekimbizwa. Nikamshusha, nikamkumbatia kutoka nyuma, ngumi chini ya mbavu, nikasukuma kama nilivyosukuma lile gunia, na ndani yangu nilikuwa nasema neno moja tu, hapana, hapana, hapana. Mara ya tatu kitu kikaruka kikaanguka sakafuni kwa sauti ndogo ya unyevu. Jike akavuta pumzi moja iliyosikika mpaka barabarani. Akakohoa, akajilaza, mkia wake ukagonga sakafu mara moja.

Mama Yustina aliinama akakiokota. Kilikuwa fundo la upande mmoja, jeupe, limevimba, ndugu wa lile nililomletea jikoni. Safari hii alitazama. Aliwaaga wageni kwa adabu zote, akawafungia maandazi yaliyobaki, akaingia ndani akakaa kitandani. Mimi nilimpeleka jike kwa mtu wa mifugo wa pale pale Makambako, akamkagua koo, akasema limechubuka lakini litapona. Niliporudi, Mama Yustina alikuwa amebeba pakiti zote zilizobaki, amezitupa kwenye shimo la choo, na alikuwa jikoni anasonga ugali. Tukaketi kula. Kisha akauliza, macho kwenye sahani, "Yule wa Yakobi alikufa hivi?" Nikasema, "Ndiyo, Mama." "Na hakukuwa na mtu." "Hakukuwa na mtu." Akalia. Sijawahi kumwona akilia kabla wala baada, na alilia bila kuacha kula, kama mtu anayefanya kazi mbili kwa pamoja. Alipomaliza akasema, "Kesho tunakwenda. Mgongo umepona."

Mwalimu Zakaria alitupokea kwa chai, na safari hii sukari ilikuwapo. Mama Yustina hakugusa kikombe. Alisema yote kwa pumzi moja, pipi ilikuwa nini, nilimwambia nini, alikataa nini, na kilichotokea jana barazani kwake. "Zawadi yangu ndiyo iliyomuua, Mwalimu. Nimekuja kukuomba msamaha na sitaki unijibu kwa kuniheshimu." Mwalimu alikisogeza kijiko kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine. "Mimi ndiye niliyempa nikafunga mlango," akasema hatimaye. "Tangu mwezi wa sita najiambia, Zakaria, umeshindwa hata na mbwa. Nilidhani ni mimi peke yangu." Mama Yustina akasema, "Basi tuko wawili." Wakatazamana, na ndipo kwa mara ya kwanza wakamwongelea marehemu rafiki yake, mke wa Mwalimu, kwa sauti, kwa vicheko, mpaka chai ikapoa na nikatengeneza nyingine.

Nikaona hapo ndipo pa kusema. Nikamwambia Mwalimu kwamba yule jike yu hai, na koo lake likipona nitamleta. Akainua mkono. "Binti, nilishakuambia." "Nilisikia, Mwalimu. Lakini wakati ule hakuna aliyekufundisha. Safari hii nitakufundisha." Mama Yustina akanikonyeza ninyamaze, na sikunyamaza. "Nitakuja kila Jumamosi. Ukishindwa kujifunza, narudi naye Makambako, sitakuuliza tena." Mwalimu akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi anayenyoosha kidole kabla swali halijaisha. "Miaka yote niliyofundisha," akasema, "hakuna aliyenitisha kwa mtihani." Akafikiri. "Jumamosi asubuhi, si mchana. Mchana nina kikao cha wazee wa kanisa."

Nilikwenda kila Jumamosi. Tulianza na gunia la viazi, na Mwalimu alivua koti akaliinua kama toroli, akalipiga mabegani, akalikumbatia, akahema. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alitaka sababu ya kila kitu, na aliponikamata sijui aliniambia nikaulize, nami nilikwenda kwa daktari nikauliza. Maswali yake yalinipeleka kwenye lile benchi mara nyingi hata daktari akasema afadhali nitafute chuo cha mifugo, na mwaka uliofuata nikaenda kweli. Jike nilimleta mwezi wa kumi, na Mwalimu alikataa kumwita Mwenzangu. Alikaa naye siku nzima akimwangalia anavyorarua, anavyodaka, anavyomeza, akisema "taratibu, taratibu," mpaka jina likawa hilo, Taratibu, na mbwa akaliitikia.

Jumamosi yangu ya mwisho, mvua za kwanza zikinyesha juu ya bati, Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, yeye mrefu vile, magoti yamefika masikioni, ameshika ncha ya karoti nene isiyoweza kuingia mdomoni mwa mbwa. Taratibu alikuwa amejilaza akitafuna ncha ya pili, na kila mara karoti ilipopungua Mwalimu alisogeza vidole nyuma kidogo, bila kuachia. Hodi ikagongwa. Walikuwa wazee wa kanisa, wamewahi kwa ajili ya mvua, makoti yanachuruzika. "Karibuni," akasema kutoka sakafuni. "Mtanisamehe siinuki, nina kazi." Wakaketi kwenye viti vyenye vitambaa, wakatazamana, wakamtazama mwenzao. Mmoja akakohoa akauliza kama wangoje amalize ndipo waanze kwa sala. Mwalimu Zakaria hakuondoa macho kwenye karoti.

"Ombeni tu," akasema. "Mimi nitafumba jicho moja."